Ndege ya Pili Haisamehe

Klabu yetu ya ndege ndogo za kurusha kwa rimoti hapa Penrowe, mji wa shayiri kando ya bahari, haina watu wengi, lakini imegawanyika kama kanisa. Kuna wa kulia na kuna wa kushoto. Si siasa, ni habari ya rimoti. Rimoti ya ndege ina vijiti viwili, kimoja kwa kila mkono. Wazee wa huku tangu zamani hushika nguvu ya mota kwa mkono wa kulia na kuinua pua ya ndege kwa mkono wa kushoto. Vijana na waliotoka mbali hufanya kinyume chake, nguvu kushoto, pua kulia. Kila upande unaona wenzao wamelogwa. Ern Polkinghorne, mwenyekiti wetu, ambaye sauti yake hufika uwanjani kabla ya gari lake, husema kuwa mtu wa kushoto ni sawa na mtu aliyevaa suruali kichwani.

"Na anafika nayo kazini," humjibu Tavita, "tena mapema kukushinda wewe."

Tavita ndiye mwalimu wangu. Ni Msamoa, mtu wa visiwani, anafanya kazi kwenye maghala ya shayiri, na ana mwili kama mlango wa ghala lenyewe, lakini vidole vyake vikigusa vijiti utadhani anapapasa kifaranga. Yeye ni wa kushoto. Mume wangu Garth ni wa kulia, wa kulia wa damu kabisa, tangu enzi zile ndege ndogo zilipokuwa zinanuka mafuta na kumtapikia mwenyewe shati. Mimi nilipoamua kujifunza nikaenda kwa Tavita, nikatoka wa kushoto. Ern alitushika mlangoni siku ile na kutuuliza kama bado tunalala kitanda kimoja.

"Kitanda ni kimoja," Garth akamwambia, "ila kila mtu na upande wake."

Utauliza kwa nini sikufundishwa na mume wangu. Kwanza, mwanamke yeyote aliyewahi kufundishwa gari na mumewe hatauliza. Pili ni mikono ya Garth. Ilianza na kikombe cha chai kugonga sahani, ng'ring'ring'ri, tukacheka. Ikaja kwenye vifungo vya shati, hapo tukaacha kucheka. Daktari akatupa jina la ugonjwa na vidonge. Garth aliendelea kurusha hadi Jumamosi moja alipoitua ndege yake juu ya paa la gari la Ern, katikati kabisa, kama kuku anayeatamia. Watu walipiga makofi wakidhani ni ufundi. Yeye akaiweka rimoti mezani, akaifuta vumbi kwa mkono wa sweta, na tangu hapo hakuishika tena.

Lakini hakuacha kwenda uwanjani. Kila Jumamosi alikaa kwenye kiti chake cha kukunja, kofia machoni, akiangalia ndege za wenzake kama mtu anayechungulia arusi ya jirani. Mimi hilo lilinichoma. Nikajisemea, kama nyumba hii ina mikono minne, na miwili imegoma, miwili bado ipo.

Ndipo nikaanza na Kuku.

Kuku ni jina nililompa mwenyewe. Ni ndege ya klabu ya kujifunzia, mabawa juu ya mgongo, mapana, tumbo nene, na amebandikwa plasta mahali pengi kuliko mpira wa shuleni. Amefundisha nusu ya wilaya. Uzuri wake ni huu: umbo lake lenyewe linapenda kukaa sawa. Ukichanganyikiwa angani, hujui kulia wala kushoto, unaachia vijiti tu. Kuku atayumba, atajitikisa, halafu atajinyoosha na kuendelea na safari kana kwamba hakuona ujinga wako. Mimi nililea watoto wanne kwa njia hiyohiyo. Mtoto akipanda kichwani unamwachia kidogo, unaendelea kukanda unga wako, ukigeuka unakuta amekaa. Basi mimi na Kuku tulipatana. Kila nilipoona mambo yameharibika niliachia, na kila nilipoachia mambo yalitengemaa.

"Mama Nola," Tavita alinionya, "Kuku anakusamehe mno."

"Kuna ubaya gani kusamehewa?"

"Hakuna ubaya. Ila siku moja utakutana na ambaye hasamehe."

Nikamwambia, mwanangu, nimeishi na mama mkwe chini ya paa moja.

Wakati wa baridi ukaingia. Shayiri ilikwishapandwa, mvua ikawa ya kuja na kwenda, na Garth akahamia bandani. Niligundua anajenga kitu pale vibanio vyangu vya nguo vilipoanza kupungua kwenye kamba. Nikaenda na chai. Meza nzima ilikuwa mbao nyembamba nyepesi, mbavu za ndege zimepangwa kama mifupa ya samaki, na vibanio vyangu vimezibana huku na huku hadi gundi ikauke. Alikuwa amelaza kifundo cha mkono juu ya kifuko cha mchanga ili mkono usicheze, na kisu kidogo kikikata polepole sana. Alipokosea hakulaani. Alichukua ubao mwingine. Ubavu mmoja wa ndege ile ulimchukua asubuhi nzima.

Nilijizoeza kuweka chai mezani na kuangalia dirisha, si mikono.

Siku mabawa yalipounganishwa ndipo nikaona hayakukaa juu kama ya Kuku. Yalipita chini ya tumbo, membamba, marefu, yamenyooka kama rula.

"Hii ya nani?" nikauliza.

"Yako."

"Mimi nina Kuku."

"Kuku ameshakufundisha yote anayojua. Maskini, hayakuwa mengi."

"Na nikiivunja?"

Akaendelea kupiga msasa. Vumbi la mbao lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. "Ukiivunja itakuwa imevunjika," akasema. Halafu baada ya kitambo, bila kuniangalia, "Lakini, Nola, nyingine sitaiweza. Jicho na mkono vimekaa kikao, vimenikataa. Hii ndiyo ya mwisho. Nataka niione iko juu, basi. Nikishaiona, hata uifanye kuni."

Mwanamume huyu sijawahi kumsikia akiomba kitu. Hata posa yangu aliileta kama mtu anayeuliza kama tuna jembe la kuazima. Nikachukua kikombe kikiwa bado kimejaa, nikatoka nacho nje, nikasimama penye kamba yangu isiyo na vibanio.

Ern alijitolea, tusimnyime haki yake. Alikuja nyumbani, akaizunguka ile ndege, akapiga mluzi. "Garth, mzee, niachie mimi niirushe. Mke wako ni hodari, lakini kutoka kwa Kuku hadi kwa huyu ni kama kutoka kwenye kiti cha bembea hadi juu ya farasi wa mashindano."

"Uliirusha ile yangu ya bluu," Garth akamkumbusha.

"Ile ilikuwa upepo."

"Ilikuwa dengu. Uliipanda kwenye dengu za watu. Tuliivuna pamoja na dengu."

Ern akamaliza chai yake, akaaga.

Nikaenda kwa Tavita, nikamwambia ukweli wote: nina hofu, na si ya kujiaibisha. Ni ile ndege. Ikianguka haina mdogo wake.

Tavita hakunipa maneno matamu. Alinirudisha kwa Kuku na kusimama nyuma yangu. "Leo hakuna kuachia," akasema. "Ukiinamisha bawa, wewe ndiye utakayelirudisha. Kuku atakuambia 'niachie mama, nitajinyoosha.' Mkatalie." Kila nilipoachia, hata kwa kufumba na kufumbua, alipaza sauti: "Umeachia!" Nilibisha. Nikasema sijaachia. "Umeachia, nimeona vidole vimefunguka kama unaota moto." Kweli, vidole vyangu vilikuwa na desturi ya kukimbia bila kuniaga.

"Ile ya kwanza inakusamehe," aliniambia tukirudisha vitu garini. "Ya pili itakutii. Ukiipa akili itatii akili, ukiipa upumbavu itatii upumbavu, palepale ulipouacha. Kutiiwa ni kazi ngumu kuliko kusamehewa, mama."

Jumamosi yenyewe ilipambazuka bila upepo. Bahari ilikuwa haijaamka. Shayiri ilikuwa imefika magotini, kijani hadi inauma macho, na kondoo wa mwenye shamba walikuwa wamelala katikati ya njia yetu ya kurukia kama wameilipia kodi. Tukawafukuza. Wake wa klabu walikuwa wameleta pasti, vile vimkate vilivyojazwa nyama na viazi, zimefungwa kwenye taulo zisipoe, na Ern alikuwa ameshawasha jiko la soseji, maana kwake yeye soseji ni sehemu ya ibada.

Garth aliifunga ndege yake mabawa mwenyewe. Ilikuwa nyekundu mgongoni, na tumboni ameipiga mistari myeusi na myeupe ili mtu aliye chini ajue tumbo ni lipi. Alizungusha skrubu moja moja, taratibu. Watu walipata mambo ya kuangalia angani, ingawa angani hapakuwa na kitu.

Kwetu, ndege ambayo haijawahi kuruka hurushwa kwanza na mkono mzoefu, kwa sababu mpya huwa na ukaidi wake: moja hupenda kulia, nyingine hupenda chini. Tavita akaipandisha. Ikapaa kwa hatua chache tu, bila kelele zaidi ya mlio wa nyuki. Akaizungusha, akairekebisha kidogo kwenye rimoti, akatabasamu peke yake. "Garth," akasema, "hii imenyooka kuliko ndugu zangu wote." Garth akashusha kofia.

Kisha ikaja zamu yangu. Kuna maneno yetu ya kupokezana rimoti ndege ikiwa juu, na hakuna anayeruhusiwa kuyaruka, ili pasiwe na wakati ambao kila mtu anadhani mwenzake ndiye ameshika.

"Iko kwako," akasema Tavita.

"Iko kwangu," nikasema.

Na ikawa kwangu. Kuku ukimwambia geuka, hufikiri kwanza, hushauriana na tumbo lake, ndipo hugeuka. Hii niliwaza tu na bawa likainama. Nikairudisha sawa, ikarudi sawa, si kabla wala baada. Nikazunguka uwanja. Nikazunguka tena. Nilianza hata kujisikia, nikasimama vizuri, mguu mmoja mbele, kama wale vijana wa kwenye matangazo.

"Mwone," akasema Ern kutoka kwenye jiko lake la soseji, "anataka kuombwa saini."

Hapo ndipo kondoo walipoamua kurudi. Waliingia kwenye njia mmoja mmoja, wakifuatana kama watu waliochelewa kanisani. Nisingeweza kutua juu ya kondoo. Tavita akatazama ndege, akanitazama mimi, akatazama kondoo.

"Naenda kuwatoa, mama. Zunguka tu hukohuko juu. Usilete ujanja."

"Ujanja niutoe wapi mimi?"

Akaondoka akikimbia, na ardhi ikatikisika kidogo.

Nilikuwa nageuza upande wa mashariki wakati ndege ilipopita karibu na jua. Kwa kitambo kidogo sikuona rangi. Niliona kitu cheusi tu, kama msalaba ulioinama, sijui naona tumbo au mgongo, inakuja au inakwenda. Na vidole vyangu, vidole hivi vilivyokanda mikate ya miaka yote, vikafunguka.

Niliachia.

Kuku angejitikisa, angejinyoosha. Nilisubiri. Ndege ya Garth ilibaki imeinama vilevile nilivyoiacha, ikitii, halafu pua ikaanza kuzama, ikawa inazunguka na kushuka, inazunguka na kushuka, kuelekea kwenye shayiri.

"Nipe!" Ern akapiga kelele. Sikumwona akija. Alikuwa na koleo la soseji mkono mmoja, akalitupa, akaninyang'anya rimoti bila "iko kwangu" wala nini. Mikono yake miaka yote ni ya kulia. Ili kuinua pua akavuta kijiti cha kushoto, na mota ikanyamaza. Ili kuongeza nguvu akasukuma kijiti cha kulia, na pua ikazidi kutazama chini.

"Haisikii!" akalia. "Garth, haisikii, imekufa!"

"Inasikia kila kitu, bwege wewe!" Garth alikuwa amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake. "Ni rimoti ya kushoto! Mrudishie mke wangu!"

Ern aliniwekea rimoti mikononi kama mtu aliyegundua amebeba nyoka.

"Vuta kushoto," Garth akaanza, "hapana, vuta ku... sukuma..." Mikono yake mwenyewe ilikuwa mbele yake hewani, imeshika vijiti visivyokuwepo, na yote ilikuwa ya kulia. Kila neno lilimtoka kinyume.

"Usiniambie vijiti!" nikamfokea. Mimi, ambaye simfokei hata paka. "Niambie ndege!"

Akaishusha mikono. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ile ya bandani.

"Bawa la kulia liko chini. Linyanyue."

Nikalinyanyua.

"Yamekaa sawa. Sasa pua. Polepole. Usiivunje shingo. Polepole. Na nguvu, ipe nguvu."

Mota ikaamka. Ndege ikapita juu ya shayiri chini kabisa, mashuke yakalala njia nzima ilimopita, kisha ikapanda, na niliona tumbo lile la mistari likitupita vichwani na kwenda zake juu. Mtu mmoja nyuma yangu alisema neno ambalo halisemwi mbele ya wake wa klabu, na wake wa klabu wakasema amina.

"Shika," Garth akasema. "Usiachie tena."

"Siachii."

"Vidole."

"Vimeshika, Garth."

"Nataka kushuka," nikamwambia baadaye kidogo.

"Bado. Ukishuka na woga utaitupa chini kama jiwe. Zunguka kwanza mpaka upumue. Haya. Sikia. Kuku ukimkatia mota huelea kama jani. Hii sivyo. Ije na nguvu kidogo mpaka kwenye majani kabisa. Usiikatie mota njiani."

Tavita alikuwa amemtoa kondoo wa mwisho, amemkumbatia kifuani kwa sababu alikataa kutembea. Alibaki kulekule pembeni ya njia na kondoo wake, hakuthubutu kuivuka. Nikaileta. Ilikuja kwa kasi kuliko kitu chochote nilichowahi kukileta ardhini. Ikagusa, ikaruka, ikagusa tena, ikakimbia vizuri hadi nikaanza kufurahi. Mwishoni magurudumu yakanasa kwenye fungu la majani, mkia ukainuka juu, na ndege ikasimama kwa pua. Tak! Kisha ikalala.

Soseji tu ndizo zilizokuwa zinaongea.

Garth alianza kutembea kuelekea kule. Sote tukamfuata lakini kwa mbali, kama mazishini. Ern alinisogelea. Uso wake wote ulikuwa umeshuka.

"Nola. Mimi... mikono ilikwenda yenyewe."

"Na yangu pia, Ern," nikamwambia. "Tofauti ni kwamba yangu ilikwenda kwanza."

Garth alikuwa amepiga magoti. Akapitisha kiganja juu ya bawa moja, akapitisha juu ya la pili. Akautikisa mkia. Akaisogeza karibu na sikio na kuitingisha, kama mtu anayenunua nazi.

"Propela," akasema.

"Na nini tena?"

"Na nini tena, unataka nini tena? Propela imevunjika. Ipo nyingine kwenye sanduku."

Nilikaa chini kwenye majani yenye umande, nikiwa nimevaa sketi yangu nzuri. "Basi, Garth," nikasema, "tumshukuru Mungu, twende tukale. Imeruka. Umeiona. Leo imetosha."

Akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu, na sikujua ni jua au ni nini.

"Nimeiona saa ngapi?" akasema. "Mimi sijaiona, Nola. Muda wote nilikuwa naangalia vidole vyako."

Nikanyoosha mkono, Tavita akaniinua kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa bado na kondoo.

Garth akakaa na ndege mapajani. Kubadilisha propela ni kazi ya dakika moja kwa mtu mwenye mikono iliyotulia. Nati inayoibana ni ndogo kama punje ya mahindi. Aliiweka, ikaanguka. Akaitafuta kwenye majani, akaipata, akaiweka, ikaanguka. Ern alijongea, mkono umenyooshwa. Nikamkanyaga mguu, tena kwa kisigino. Akanielewa, akarudi kwenye jiko lake akichechemea. Watu wakaanza kuongea habari za bei ya mbolea. Nati ikaanguka tena. Tavita akakaa chini karibu yake, akawa anamsimulia habari za ndege mmoja wa huko kwao kisiwani anayeiba samaki, hadithi ndefu isiyo na mwisho, nadhani aliitunga palepale. Soseji ziliungua, Ern akazigawa hivyohivyo, tukala. Upepo wa bahari ulishaanza kupapasa vitambaa vya meza wakati Garth aliposema, "Haya."

Tavita alisimama begani kwangu. Safari hii hakurusha yeye, nilirusha mimi tangu ardhini. Ilitaka kwenda kushoto, nikaikatalia. Ikapaa.

"Vidole?" akauliza Tavita kwa chinichini.

"Vipo."

"Ern," Tavita akaita bila kugeuka, "mikono iko wapi?"

"Mfukoni," Ern akajibu. "Yote miwili. Nimeifungia."

Nilipanda hadi mahali ambapo upepo haukunisumbua, nikazunguka mara moja pana, nikairudisha mbele yetu. Garth hakuwa amekaa. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya kiti, kofia ameivua, amekiinua kichwa, na mikono yake ilikuwa inatetemeka pembeni mwake na hakuwa na habari nayo.

"Naona tumbo tu," akasema.

"Unataka nini?"

"Tumbo naliona kila siku mezani. Igeuze huku. Nione mgongo."

Kwa Kuku usingeweza. Kuku ukimwinamisha anakimbilia kujinyoosha, hana subira ya kukaa upande. Nikaigeuza ituzunguke, nikaliinamisha bawa la ndani kuelekea kwetu, nikaongeza, nikaongeza tena, hadi mahali ambapo asubuhi ile vidole vingekimbia. Hapo nikaishika. Ikabaki. Ilituzunguka imelala ubavu, wekundu wote umetuelekea, jua linatembea juu ya mabawa kutoka ncha hadi ncha, na kila ubavu wa mbao ulionekana chini ya ngozi nyembamba Garth aliyoivika, mmoja mmoja, ule wa asubuhi nzima na zile nyingine. Watu wa kulia na wa kushoto waliacha kutafuna.

Garth aliifuata kwa macho mzunguko mzima, akigeuka taratibu na miguu yake. Akamaliza mzunguko. Nikaanza kuinyoosha.

"Bawa la kushoto lina mkunjo," akasema. "Karibu na ncha."

"Niishushe ukauangalie?"

"Nani kakuambia ushuke, mwanamke?" akasema, bado anatazama juu. "Zunguka tena."

Nikazunguka tena.